Siku tano Shelisheli, na mkopo ambao huuhitaji

"Shikamoo dada. Mwezi wa nane mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Fungate hatukwenda, kwa sababu wiki ile ile ya harusi baba yangu alilazwa. Tangu tuoane mke wangu ana picha ya kalenda ya Shelisheli, ufukwe wenye majabali makubwa ya kijivu, ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Nataka kumpeleka bila yeye kujua mpaka tufike uwanja wa ndege. Tuna siku tano, usiku nne, na nina milioni nane na nusu. Rafiki yangu anasema kwa hela hiyo tutaaibika, kwamba Shelisheli bila kulala kwenye vile vibanda vya juu ya maji si Shelisheli, na viza yake ni shughuli. Ananishauri nikope milioni sita SACCOS ya kazini. Mwingine anasema Agosti bahari inachafuka, tusubiri Desemba. Nilitaka tuzunguke visiwa vyake vitatu vikuu, ila mke wangu alitapika njia nzima tulipokwenda Unguja kwa boti. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la mkopo: usichukue. Sisemi hivyo kwa sababu kukopa kwa ajili ya starehe ni dhambi. Nasema hivyo kwa sababu zile milioni sita zingekwenda kulipia kitu ambacho mke wako hajakiomba. Umeniandikia mwenyewe anachokitaka, kiko ndani ya mlango wa kabati.

Ninavyokusoma, hofu yako ni kwamba umengoja miaka kumi, nafasi ni moja, na ukikosea utakuwa umemharibia. Nimewapangia safari za visiwani wanandoa wengi na hofu hiyo naijua. Ndiyo inayowafanya watu wajaze ratiba mpaka wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Rafiki yako amechanganya nchi mbili. Vile vibanda vya miti vilivyosimama juu ya maji ya buluu, mtu anashuka ngazi moja kwa moja baharini, ni vya Maldivi, na vingine viko mbali kabisa huko Bora Bora, katika bahari ya Pasifiki. Maldivi ni visiwa vya matumbawe, bapa kama sinia, vimezungukwa na maji ya kina kifupi yaliyotulia nyuma ya mwamba, kwa hiyo unaweza kukita nguzo na kujenga. Shelisheli ni kitu kingine. Visiwa vyako vitatu, Mahé, Praslin na La Digue, ni vilele vya milima ya mawe matale, kipande cha bara la kale kilichobaki katikati ya bahari wakati Afrika, Madagaska na India zilipoachana. Mlima wa Mahé una mita 905. Ndiyo maana picha ya mke wako ina majabali. Jiwe lile limekaa pale miaka mamilioni, mvua na mawimbi vikilichonga mpaka likawa na mikunjo kama mgongo wa tembo. Ukienda Shelisheli kutafuta kibanda cha juu ya maji utatafuta sana, na ukiishia kwenye hoteli ya kisiwa binafsi ya euro elfu moja kwa usiku, bado utakuwa mbali na ule ufukwe wa kwenye kalenda.

Ufukwe huo, kwa maelezo yako, karibu nina hakika ni Anse Source d'Argent. Uko La Digue, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu, na kinachozungukwa kwa baiskeli. Hapo ndipo mpango wako uanzie.

Kuhusu viza, Shelisheli haidai viza kwa raia wa Tanzania. Inachotaka ni kibali cha kuingia, mnachoomba wenyewe mtandaoni kabla ya kusafiri mkiwa na pasipoti, tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa mahali pa kulala. Kina ada yake, si kubwa. Hakikisha tu mko kwenye tovuti rasmi ya serikali yao, maana kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo zinazotoza mara kadhaa ya ada halisi kwa kazi ile ile ya kujaza fomu.

Ila kuna karatasi moja ambayo watu husahau, nayo itakuvunjia siri yako: kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Shelisheli huidai kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, ambako huenda mkabadilisha ndege, imo. Hata kama mtu atakwambia Tanzania haikaguliwi sana, mimi simpeleki mteja pale bila kadi. Mchanjwe angalau siku kumi kabla ya kuingia nchini mwao, na ukishachanjwa mara moja kadi ni ya maisha. Sasa niambie, utampelekaje mkeo kuchomwa sindano bila kumwambia ya nini? Na kibali kinataka pasipoti yake na picha yake. Nimewahi kuona bwana aliyeficha kila kitu mpaka siku ya safari, mke akafika uwanjani na pasipoti iliyobakiza miezi miwili. Hawakwenda, na siku ile sikutamani kuwa yule bwana.

Mwambie mapema. Kama unataka kubakiza siri, ficha ufukwe: mwambie mnakwenda Shelisheli, usimwambie mtalala dakika chache kutoka kwenye yale majabali.

Tuje kwenye gharama, maana watu hudhani Shelisheli ni ghali kwa sababu ya anasa tu. Anasa ipo, lakini mzizi ni mwingine. Ni nchi yenye watu laki moja na ushei, katikati ya bahari, umbali wa kilomita 1,800 hivi kutoka pwani yetu. Ardhi nyingi ni mteremko wa mawe, haitoi mpunga wala vitunguu vya kutosha, kwa hiyo mchele, mafuta ya kupikia, saruji na karibu kila kilichomo dukani kimeshuka melini. Mpaka 1971, ulipofunguliwa uwanja wa ndege wa Mahé, watu wenyewe walifika karibu wote kwa meli. Waganda wanaikumbuka kwa jambo jingine: wafalme wa Buganda na Bunyoro, Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega, walipelekwa uhamishoni huko mwaka 1899, kwa sababu ilikuwa mahali ambapo mtu hawezi kutoroka. Umbali huo huo uliomfaa mkoloni ndio leo unaopandisha bei ya nyanya. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, migahawa mingi huongeza ya huduma, na tangu Agosti 2023 kuna tozo ya mazingira kwa kila mgeni kila usiku: rupia 25 kwenye nyumba ndogo za wageni, 75 kwenye hoteli za kati, 100 kwenye kubwa. Dola moja ni rupia 14 au 15, kwa hiyo kwenu ninyi wawili kwenye nyumba ya wageni tozo hiyo si ya kukukosesha usingizi.

Ukielewa hivyo utaona mahali pa kubana. Kitanda hakitakufilisi: nyumba za wageni nzuri, safi, zenye jiko lake, zipo kwa euro 80 hadi 150 kwa chumba. Kinachofilisi ni kuhamahama na kula hotelini mara tatu kwa siku. Boti ya Mahé hadi Praslin peke yake ni zaidi ya euro 50 kwa kila mtu kwa kwenda tu, na kila kuhama kunakula nusu siku: kufunga mizigo, teksi, kungoja gatini, teksi tena, kungoja chumba kisafishwe. Visiwa vitatu kwa usiku nne maana yake ni kulipa pesa nyingi ili mkeo azijue gati tatu.

Na Agosti? Hapa anayekushauri ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu, kwa hiyo nivumilie.

Ukichora mstari kutoka Horohoro, mpakani kwetu na Kenya, ukaenda nao mashariki moja kwa moja, utafika karibu kabisa na Victoria, mji mkuu wao. Kwa hiyo pepo zao ndizo zetu. Mei hadi Oktoba ni kusi, Desemba hadi Machi ni kaskazi, na katikati kuna vipindi vya utulivu, Aprili na Novemba hivi. Kusi ni kavu na la baridi kidogo. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yenye mvua chache kuliko yote pale. Desemba na Januari, ambayo mwenzako anaipendekeza, ndiyo miezi ya mvua kubwa, na bei za sikukuu juu yake.

Lakini kusi huvuma kwa nguvu, nalo linatoka kusini mashariki. Kisiwa chenye mlima ni kama ukuta: upande unaotazama upepo unapigwa, upande wa nyuma umetulia. Watu wawili wanaweza kuwa kwenye kisiwa kimoja siku moja, mmoja akaandika nyumbani kuwa bahari ni kioo, mwingine akaandika kuwa ni vurugu tupu ya mawimbi na mwani, na wote wakawa wakweli. Mvuvi wa Nungwi au wa Makunduchi hahitaji kufundishwa hili. Mgeni anayekodi chumba kwa kutazama picha, ambazo zote zimepigwa siku ya utulivu, ndiye anayeumia.

Kwa Agosti, basi, chagua upande wa magharibi na kaskazini magharibi. Mahé, hiyo ni Beau Vallon. Praslin, Anse Lazio inakuwa nzuri, lakini Grand Anse ya huko hujaa mwani. La Digue, mna bahati: kijiji, gati na Anse Source d'Argent vyote viko magharibi, vimejikinga, na mbele ya ufukwe huo kuna mwamba unaovunja mawimbi kabla hayajafika. Maji yake ni ya kina kifupi sana, yakipwa utatembea yakiwa magotini, kwa hiyo kama mnataka kuogelea ulizeni mwenye nyumba saa ya maji kujaa.

Upande wa pili wa kisiwa, mashariki, kuna Grand Anse na Petite Anse. Ni fukwe nzuri ajabu na mtakwenda kuziona, lakini mwezi wa nane msiingie majini. Hapo hakuna mwamba wa kukinga, wimbi linakuja kutoka bahari kuu likiwa zima. Maji yanayorundikana ufukweni lazima yarudi, nayo hutafuta mfereji mmoja wa kutokea, na mkondo wake unamvuta nje hata muogeleaji hodari. Cha kutisha ni kwamba pale penye mkondo mara nyingi ndipo panapoonekana pametulia. Mtu akikamatwa asishindane nao kurudi nchi kavu. Aogelee ubavuni, sambamba na ufukwe, mpaka atoke kwenye mfereji. Mahali pakiwekwa ubao wa onyo, uheshimu.

Sasa tumbo la mke wako. Praslin iko kaskazini mashariki ya Mahé, kwa hiyo kusi linaipiga boti ubavuni, kwenda na kurudi. Kichefuchefu kinatokana na mabishano ndani ya kichwa: sikio la ndani linasema tunayumba, macho yanayotazama kiti cha mbele yanasema tumetulia. Akikaa nyuma, katikati, ghorofa ya chini, akatazama upeo wa bahari badala ya simu, mabishano yanapungua. Dawa ya safari inywewe kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika, na nyingi huleta usingizi, mfamasia amweleze. Lakini mimi kwa mtu aliyetapika njia nzima ya Unguja ningelipa ndege. Ile ndogo ya Mahé hadi Praslin inaruka kama dakika 15 au 20. La Digue haina uwanja wa ndege, kwa hiyo kutoka Praslin mtapanda boti kwa robo saa tu, na robo saa mke wako ataiweza.

Mpango ningeupanga hivi. Usiku tatu wa kwanza La Digue, wa nne Mahé upande wa Beau Vallon. Usiku wa Mahé ni wa tahadhari, si wa utalii: kusi likichachamaa boti zinaweza kuchelewa au kusitishwa, na ndege ya kwenu haitawangoja. Kama ndege ya kurudi ni ya usiku unaweza kuthubutu kubaki La Digue yote minne, lakini mimi si mtu wa kuthubutu na ndege. Na kabla hujalipa tiketi angalia saa ya kutua. Kutoka Nairobi ni kama saa tatu angani, na kule saa iko mbele ya yetu kwa saa moja. Simu itajirekebisha, saa yako ya mkononi haitajirekebisha. Mkitua jioni hamtaiwahi boti ya La Digue, hivyo usiku wa kwanza nao utakuwa wa Mahé, na La Digue zitabaki mbili. Ni chache, lakini zinatosha.

Praslin mtaipita tu. Wapo watakaokusuta kwa kukosa Vallée de Mai, msitu wa minazi ya coco de mer ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1983. Ni msitu wa ajabu kweli. Mbegu ya minazi hiyo ndiyo kubwa kuliko za mimea yote duniani, na umbo lake huwachekesha wanandoa wazima na akili zao. Mkitaka, siku moja ya La Digue vukeni asubuhi mrudi alasiri. Ila mkeo akisema anataka kukaa tu chini ya jabali, usimkokote kwa sababu umeshalipa au kwa sababu nimeutaja mimi.

La Digue kodisheni baiskeli mbili. Hakuna haja ya teksi zaidi ya ile ya mizigo. Kuingia Anse Source d'Argent kwa miguu mnapitia shamba la zamani la minazi na vanila liitwalo L'Union, lenye kiingilio cha rupia mia na kitu kwa mtu. Hiyo ni ada ya shamba, maana fukwe zenyewe za Shelisheli ni za umma. Nendeni mapema asubuhi kabla wageni wa siku moja hawajashuka kutoka Praslin, au mrudi jioni wakishaondoka, jua linapozama mbele yenu. Nyakati hizo mbili ndizo hasa mnazinunua kwa kulala pale.

Chakula, fanyeni kama wenyeji. Vibanda vya chakula cha kubeba vinauza wali na samaki au kari kwa rupia mia moja na kitu, sahani ya kumshibisha mtu. Usiku mmoja kaeni mgahawani, mle kari ya pweza ya nazi, mlipe bila kugugumia. Na akikuta matunda ya shelisheli yamekaangwa mkeo atacheka: lile tunda tunaloliita shelisheli huku Pwani limebeba jina la visiwa hivyo hivyo.

Kwa hesabu ya harakaharaka, milioni nane na nusu ni dola elfu tatu na kitu. Nauli ya ndege ya kimataifa kwa wawili huenda ikala karibu nusu, ndiyo maana uikate mapema. Kulala, safari za ndani, chakula, baiskeli na viingilio vinaingia kwenye nusu ya pili, na ninyi mkiwa na akiba ya dharura. Hakuna anasa ndani yake, wala aibu. Beba euro au dola, usitegemee kubadilisha shilingi kule. Ukikuta bei ya ndege imeshapanda kiasi cha kuvuruga hesabu hii, sogeza safari hadi Novemba kabla hujaugusa mkopo: bahari yenyewe imetulia zaidi na boti haitamtesa.

Kuna watu watakaokwambia upeleke hela hiyo Pemba au Mafia, mlale wiki nzima. Kwa mwanamke anayetaka kupumzika tu, ningewaunga mkono. Wako ana picha.

Yapo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Chanjo ya homa ya manjano si ya kila mtu: kama mke wako ni mjamzito au ananyonyesha mtoto mchanga, kama mmoja wenu ana mzio mkali wa mayai au ugonjwa unaodhoofisha kinga, muoneni daktari ana kwa ana kabla ya sindano. Kuna cheti maalumu cha kitabibu kwa wasioweza kuchanjwa, na daktari ndiye wa kukiandika. Jingine: Shelisheli haina malaria, hivyo mkipata homa mkiwa kule nendeni hospitali siku hiyo hiyo na mseme wazi kuwa mmetoka Tanzania, maana daktari wa huko hatakuwa na sababu ya kuifikiria malaria kwanza.

Basi jioni moja wiki hii mfungulie huo mlango wa kabati umwambie. Kesho yake mwende wote mkachanjwe, na pasipoti zote mbili uzitazame tarehe ya mwisho kwa macho yako mwenyewe.